Padri amekataza flashi: maswali yenu kuhusu picha za harusi

Ndugu mhariri, Jumamosi ijayo napiga harusi yangu ya tatu, kanisa Katoliki. Padri amesema flashi marufuku, nisivuke benchi la kwanza, na wakati wa mageuzo (padri anapoweka wakfu mkate na divai) nisisogee hata hatua. Kanisa lenyewe lina giza. Nifanyeje? – Mpiga picha, Umoja, Nairobi

Padri hajakuonea. Ile ni Misa, na anayekatiza mbele ya altare waumini wakiwa wamepiga magoti anawakatizia sala wote waliokuja. Mwendee ana kwa ana kabla ya siku yenyewe, ikiwezekana siku ya mazoezi, saa ileile ya harusi ili uone mwanga wa madirisha ulivyo. Usimwulize kama kupiga picha kunaruhusiwa. Swali pana huzaa jibu fupi. Muulize usimame wapi, wakati wa kiapo na pete usogee kiasi gani, na baada ya baraka atawapa dakika ngapi za picha altareni.

Kuhusu giza, anza na lenzi ya f/2.8 (inayofunguka sana kupitisha mwanga), ISO 3200 (kamera ihisi mwanga hafifu) na shata ya 1/100, yaani ifunguke kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Hiyo 1/100 ina sababu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za mirija na LED nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Shata ya kimya, ile ya kielektroniki isiyolia, husoma sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) mstari kwa mstari. Kwa 1/100 kila mstari unapata mpepeso mmoja kamili. Ukiweka 1/250, mistari mingine inasomwa taa ikiwa imefifia, na gauni jeupe linatoka na mapande ya kijivu yaliyolala kama ngazi. Kusafisha hilo kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha na mara nyingi alama hubaki. Fika mapema, piga ukuta mweupe wa nyuma ya altare mara tatu, kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera uikague. Mistari ikiwa bado ipo, rudi kwenye shata ya kawaida, ile inayolia, na ubonyeze zaidi kwaya inapoimba.

Umbali nao una hesabu yake. Kwa kamera ya sensa kamili (full-frame), lenzi ya mm 200 kutoka mita 15 inachukua eneo la mita 1.8 kwa 2.7. Simamisha kamera wima, maharusi wote wawili wanaingia tangu nywele hadi viatu. Kwa pete unahitaji kuwa kama mita 5, ambapo lenzi hiyohiyo inachukua sentimita 60 kwa 90, yaani mikono na pete yenyewe. Ndiyo maana uombe nafasi moja tu ya pembeni, karibu na nguzo au kwaya, ukae hapo tangu kabla ya kiapo. Padri akiona hutazurura, mara nyingi hulegeza.

Zima pia mlio wa fokasi na ile taa ndogo ya mbele inayoisaidia kamera kulenga gizani. Taa hiyo ndiyo husahaulika: umetii agizo la flashi, halafu doa jekundu linatua kwenye paji la uso la bibi harusi katikati ya kiapo.

Wageni wetu hupenda kujaa njiani na simu bibi harusi akiingia. Tutawazuiaje bila kuwaudhi shangazi zetu? – Maharusi watarajiwa, Donholm

Tangazo litoke kwa mchungaji mwenyewe, dakika moja kabla ya maandamano kuingia; mshereheshaji hasikilizwi kanisani. Liandikwe pia kwenye programu, na wahudumu wawili wasimame benchi la tatu kila upande. Waambieni wageni sababu: kioo cha simu kinang'aa kuliko uso wa bibi harusi, kamera ya mliyemlipa inakilenga hicho, na uso wake unatoka na ukungu. Shangazi wapewe zamu yao nje, mlangoni, kabla ya picha za familia.

Mkataba wa mpiga picha unasema hatarudisha pesa "kanisa likizuia". Ni haki? – Donholm pia

Ni haki ikiwa alikwenda kuuliza. Ongezeni sentensi moja: atazungumza na kiongozi wa ibada siku 7 kabla na kuwaletea masharti kwa maandishi. Asipofanya hivyo, hasara ni yake.

Nikahi itakuwa msikitini, karamu ya wanawake nyumbani. Naweza kwenda peke yangu? – Mpiga picha (mwanamume), South C

Nikahi, ndiyo, kwa ruhusa ya imamu: ni walii (msimamizi wa bibi harusi), bwana harusi na mashahidi, na ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuoza na ya kukubali, hupita haraka, kwa hiyo keti mapema mahali unapoziona nyuso zote mbili. Karamu ya wanawake mpe mwenzako wa kike. Huko watu wamevua mabuibui kwa kuaminiana, na simu mara nyingi huachwa mlangoni. Picha za humo zisikae kwenye ukurasa wako wa biashara. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake, na ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Kukabidhi kadi ya kumbukumbu kwa familia palepale ni desturi nzuri.

Na droni? – Lang'ata

Ndani ya kanisa hapana. Mlio wake unameza kiapo. Nje, inatakiwa iwe imesajiliwa na iwe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya. Kumbuka pia mko jirani na Uwanja wa Wilson, ambako ndege ndogo hupita chini sana. Mtu wa droni akuonyeshe karatasi kabla hujamlipa arubuni.