Seva mama Tabora, replika Kigoma: ya kushika kabla hujaanza kunakili PostgreSQL

Anayeanza kazi ya kanzidata ya PostgreSQL huwa na hamu ya kuona neno `streaming` kwenye skrini, ishara kwamba replika inapokea mabadiliko. Hilo ni jepesi, utalipata mchana mmoja. Kazi yenyewe huanza siku laini ikikatika, na kati ya Tabora na Kigoma kuna zaidi ya kilomita 400 za kukatikia. Kwa hiyo kabla hujagusa faili lolote, jiulize: seva mama, ile inayoandikwa, inaweza kukaa saa ngapi bila kuonana na replika yake, yaani nakala inayoifuata, kabla nayo haijaanguka?

Tuchukue ushirika wa wakulima wa tumbaku wenye seva mama Tabora na replika Kigoma. Kila PostgreSQL inapobadilisha kitu, huandika kwanza kwenye WAL, yaani daftari la mabadiliko lililogawanywa katika mafaili ya MB 16. Replika hulisoma daftari hilo na kurudia yaleyale. Ukiweka sloti, yaani alama ya mahali replika ilipofikia kusoma, seva mama inaahidi kutofuta ukurasa ambao replika haijausoma. Ahadi hiyo haina mwisho, kwa sababu `max_slot_wal_keep_size` isipoguswa ni -1, maana yake tunza mpaka diski ijae.

Hesabu yake haina ugumu. Siku ya masoko, wakati mizani haipumziki, soma `pg_current_wal_lsn()` inayotoa LSN, yaani namba ya mahali daftari lilipofika, subiri saa nzima, soma tena, kisha tafuta tofauti kwa `pg_wal_lsn_diff`. Tuseme umepata MB 800 kwa saa na diski ina nafasi ya GB 40. Hizo ni saa 50. Laini ikikatika Ijumaa saa kumi jioni na mwendo ukabaki huo, Jumapili saa kumi na mbili jioni diski imejaa na seva mama inazima yenyewe. Jumatatu asubuhi wakulima wako dirishani, Tabora hakuna kinachofanya kazi, na chanzo ni waya wa Kigoma.

Ndiyo maana tunashauri uweke `max_slot_wal_keep_size = '25GB'` tangu siku ya kwanza. Kikomo kikipitwa, safu ya `wal_status` kwenye `pg_replication_slots` huishia kuandika `lost`, na replika itabidi ijengwe upya. Inaudhi, lakini heri kupoteza replika kuliko kupoteza ofisi nzima. Weka pia faili la akiba linaloshika GB 2 kwelikweli kwenye diski hiyohiyo. Siku diski ikijaa, futa faili hilo, washa seva, kisha uiondoe sloti kwa `pg_drop_replication_slot` na uamuru `CHECKPOINT` ili WAL isiyohitajika tena ifutwe. Bila nafasi hiyo seva haiwaki, na isipowaka sloti haiondoki. Usije ukaingia kwenye folda ya `pg_wal` na kufuta mafaili kwa mkono kwa kuwa yanaonekana ya zamani. Hapo ndipo watu huua kanzidata nzima kwa nia njema.

Sasa ujenzi wenyewe. Kwenye seva mama tengeneza mtumiaji mwenye haki ya `REPLICATION`, tumwite `mnakili`. Badilisha `listen_addresses`, maana ilivyo mwanzoni inasikiliza `localhost` tu, na hii inahitaji kuzima na kuwasha. Kwenye `pg_hba.conf`, orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, ongeza:

`host replication mnakili 10.20.0.5/32 scram-sha-256`

Wageni wengi hunaswa hapa: neno `all` kwenye safu ya kanzidata halihusishi kunakili. Lazima `replication` liandikwe lenyewe. Ukiona `Connection refused`, angalia `listen_addresses` au ukuta wa moto. Ukiona `no pg_hba.conf entry`, umeshafika mlangoni, ni jina lako tu halimo. Na usipitishe mlango 5432 kwenye intaneti ya wazi. Tumia WireGuard au VPN nyingine.

Kisha kwenye replika, folda ya data ikiwa tupu, ukiwa mtumiaji `postgres`:

`pg_basebackup -h 10.20.0.2 -U mnakili -D /var/lib/postgresql/16/main -R -X stream -C -S kigoma -P`

`-C -S` inatengeneza sloti, `-R` inaandika `standby.signal` na anwani ya seva mama. Tatizo ni kwamba amri hii ikikatika njiani haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Kanzidata ya GB 60 kwenye laini ya Mbps 10 ni saa 13 na zaidi bila kukatika hata mara moja. Mara nyingi njia ya mkato ni kuijenga replika Tabora, kebo kwa kebo na seva mama, kuizima vizuri, kuifunga kwenye boksi na kuipandisha basi. Wakati iko barabarani sloti inaendelea kutunza WAL: kikomo cha GB 25 kwa MB 800 kwa saa kinakupa kama saa 31. Ikifika ndani ya siku moja, itakuwa na deni la GB 19 hivi na italilipa kwa saa tano au zaidi kidogo. Usisafirishe siku za masoko.

Kuna kosa lisilotoa kelele hata kidogo. Mfumo endeshi wa pande zote mbili uwe toleo moja, si PostgreSQL peke yake. Toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, lilibadilisha mpangilio wa herufi: zamani `11` ilitangulia `1-1`, sasa `1-1` hutangulia `11`. Seva mama ikiwa Ubuntu 18.04 na replika 22.04, faharasa za maandishi zilizopangwa kwa lugha ya mfumo zinasomwa kwa mpangilio mwingine. Namba ya mwanachama yenye kistari ipo kwenye jedwali, ukiitafuta Kigoma unaambiwa haipo, na logi iko kimya.

Kupima kuchelewa, wengi hutumia `pg_last_xact_replay_timestamp()`. Usiku, hakuna anayeandika kitu, kipimo hicho kitadai replika imechelewa saa sita na si kweli. Linganisha `replay_lsn` kwenye `pg_stat_replication` na LSN ya sasa ya seva mama.

Kuhusu kunakili kwa kusubiriana, yaani kujaza `synchronous_standby_names`: kwa umbali huu na replika moja, acha. Laini ikikatika, kila `COMMIT`, yaani amri ya kuthibitisha mabadiliko, ya Tabora inaganda ikisubiri jibu la Kigoma.

Umeme ukikatika Tabora kwa muda mrefu utaipandisha replika iwe seva mama kwa `SELECT pg_promote();`. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hatari iko hapo: umeme unarudi, seva ya zamani inawaka yenyewe, karani anaendelea kuandika humo huku Kigoma nako kunaandikwa. Kwa hiyo seva mama isiwe na ruhusa ya kujiwasha. Fanya `systemctl disable postgresql`, awashe mtu. Kuirudisha kama replika tumia `pg_rewind`, ambayo inahitaji `wal_log_hints = on` au checksamu (namba za kuhakiki kurasa za data) zilizowekwa kabla ya tukio.

Na replika si bakapu. `DELETE` iliyosahau `WHERE`, inayofuta jedwali zima, inafika Kigoma ndani ya sekunde moja. Piga nakala kamili kwa `pg_dump` kila usiku, na mara moja kwa mwezi irudishe kwenye mashine ya tatu, hesabu mistari ya jedwali la malipo, linganisha na seva mama, kisha andika ilichukua dakika ngapi.