Ajali iliisha zamani, mbona mwili bado unaruka?

SWALI: Anti shikamoo. Nilipata ajali ya gari miaka ya nyuma, nikapona vizuri tu, mfupa uliunga, lakini mpaka leo nikisikia harufu ya petroli moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, na mlango ukibamizwa naruka hadi watu wanacheka. Halafu namfokea mke wangu bila sababu. Yeye anasema naendekeza. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huendekezi hata kidogo, na hao wanaocheka yangewakuta wasingecheka. Kwenye ubongo kuna kasehemu kadogo kanaitwa amigdala, kazi yake kushtukia hatari, na hakasubiri ufikirie kwanza, kakishtuka tu adrenalini, ile kemikali ya mwili ya kukuandaa kukimbia au kupigana, inamwagika, misuli inakaza, tumbo linasokota, akili inakuja baadaye kuuliza kuna nini. Siku ya ajali kalibeba kila kilichokuwepo pale, mlio, mwanga, harufu, na harufu ndo balaa maana njia yake kutoka puani hadi huko ni fupi kuliko ya macho au masikio, kwa hiyo unaweza ukaanza kutetemeka hata hujajua kama umenusa petroli.

Na hasira inatoka hukohuko. Mwili ukikaa chonjo kutwa nzima na usiku unalala kimang'amung'amu, neno dogo tu linatosha kukulipua. Wengine hawafoki, wanaganda, wanasikia watu kama wanaongea kwa mbali.

Ikikushika usibishane nayo. Toa pumzi taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kandamiza nyayo sakafuni, taja kwa sauti unavyoviona, kikombe, pazia, kiatu. Pombe achana nayo, inakupa usingizi mbovu na kesho unaamka na mishtuko zaidi. Ila hayo ni ya kukuvusha dakika ile tu, kwa hali ya miaka namna hii nenda kwa mwanasaikolojia, tena anayejua mambo ya kiwewe. Huu ni ugonjwa unaotambulika, madaktari wa akili Marekani waliuweka kwenye mwongozo wao tangu 1980, wanauita PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha, na una tiba. Mojawapo ni EMDR, unalikumbuka tukio huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu kikienda huku na huku, najua inasikika kama mazingaombwe lakini wengi inawasaidia.

Mkeo mweleze mkiwa mmetulia, sio katikati ya ugomvi. Mwambie asikushike ghafla kutoka nyuma, aanze kukuita jina.