Maswali ya Wasomaji: Mkulima, mbunge na askari

SWALI: Katika habari za Wamarekani wa karne ya 19 nakuta mtu mmoja anaitwa mkulima, mbunge na askari. Aliwezaje, na shamba alimwachia nani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Mara nyingi huyo ni mbunge wa jimbo, si wa Washington, na ubunge wa jimbo ulikuwa kazi ya msimu. Chukua Kansas, iliyopata hadhi ya jimbo mwaka 1861. Katiba yake iliweka ufunguzi wa bunge Jumanne ya pili ya Januari, ardhi ikiwa imeganda. Posho ilikuwa dola 3 kwa siku na senti 15 kwa kila maili ya safari, ila baada ya kikao cha kwanza jumla ya posho isizidi dola 150. Piga hesabu: siku 50 tu, kisha unajilisha mwenyewe. Nani angebaki Topeka, makao makuu ya jimbo, wakati wa kulima umefika? Hapa kwetu Bunge la bajeti hukaa Aprili hadi Juni, mtama ukiwa unakomaa na kuvunwa. Ratiba hiyo ingemshinda mkulima huyo.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 ndiyo iliyovuruga shamba. Wengi walijiandikisha kwa miaka 3, kwa dola 13 kwa mwezi (16 kuanzia 1864), na jembe likabaki kwa mke na watoto. Vikosi vingi vya kujitolea vilimchagua kapteni wao kwa kura, basi aliyerudi na cheo hicho alikuwa na wapiga kura tayari.

Sheria ya ardhi ya 1862 ilimpa raia wa miaka 21 ekari 160. Utaratibu: unaapa kwenye ofisi ya ardhi, unalipa ada (kama dola 18 hadi mwisho), unajenga, unaishi na kulima miaka 5, kisha unaleta mashahidi wawili ndipo upewe hati. Kuanzia 1872, askari aliyetumikia siku 90 au zaidi alipunguziwa muda wake wa jeshi katika ile miaka 5, mradi awe ameishi pale walau mwaka mmoja. Aliyepigana miaka 3 alibakiwa na 2.

SWALI: Ekari 160 si haba! Mbona wengine waliziacha? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Mvua. Mashariki mwa Kansas inatosha, lakini ukielekea magharibi inashuka hadi chini ya milimita 500. John Wesley Powell, mtafiti wa ardhi wa serikali na meja aliyepoteza mkono katika vita hiyo, huko Shiloh, aliandika mwaka 1878 kuwa penye mvua haba namna hiyo kilimo kisicho na umwagiliaji hakitegemeki. Kwa mfugaji alipendekeza ekari 2,560. Watunga sheria hawakumsikiliza, na hilo ni kosa lao. Nzige nao wakaja kiangazi cha 1874, wakatafuna mahindi mashambani. Ngano ya kupandwa Septemba ilikuwa imeshavunwa Juni na Julai, kwa hiyo aliyekuwa na ngano alikuwa na cha kuuza; wa mahindi peke yake wengi walifungasha mizigo wakarudi mashariki.