Maboga yangu yalidondoka, nikausingizia mwezi

Nilipanda maboga kwenye kiwanja changu kule Luchelele, Mwanza, mbele ya jabali kubwa kama nyumba. Yakatambaa, yakachanua, halafu viboga vikaanza kugeuka njano na kudondoka kimoja kimoja. Bibi jirani alitupa jicho mara moja tu: "Mjukuu wangu, ulipanda mwezi mpevu. Hapo utavuna majani."

Sikumbishia. Huku ziwani mwezi si wa kuchezewa. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa usiku ukiwa mweupe. Msimu uliofuata nikapanda nusu mwezi mpevu, nusu wakati wa giza. Yote yakadondoka vilevile.

Nilikuja kuelewa siku niliyoamka mapema. Ilikuwa Juni 21, siku ambayo kule Uingereza watu hukesha Stonehenge, kwenye duara la mawe makubwa ya kale, kusubiri jua la siku ndefu kuliko zote, linalochomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Letu halina haraka hiyo: Juni au Desemba, linatoka baada ya saa kumi na mbili na nusu. Linachobadili ni mahali tu. Juni linachomozea kushoto mwa jabali, Desemba kulia.

Maua yalikuwa wazi, makubwa, na hapakuwa na nyuki hata mmoja. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikifika mchana limeshasinyaa. Ua jike, lile lenye kiboga kidogo chini yake, lina asubuhi hiyo moja tu ya kuletewa na nyuki chavua, ule unga wa ua dume; likikosa, kiboga hudondoka. Na mimi, kwa bidii zangu, kila wiki nilikuwa napulizia dawa ya wadudu saa mbili asubuhi! Nilipofunua majani nikakuta nyuki watatu wamekauka, mmoja bado ana chavua ya njano miguuni.

Kwa hiyo, kama ni lazima upulizie, pulizia jioni, maua yamefunga na nyuki wamerudi kwao. Weka beseni la maji lenye mawe yaliyochomoza juu ya maji ili nyuki wapate pa kusimama. Kiangazi hiki cha Juni hadi Agosti wanahangaika sana na kiu. Acha mrehani uchanue. Nyuki wakichelewa kurudi, chuma ua dume asubuhi, libandue petali, usugue chavua yake ndani ya ua jike. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nzima, majirani wakinicheka. Nyuki wakihamia kwenye paa lako je? Usiwaguse, nyuki wetu hawana utani. Mwite mfugaji wa nyuki mwenye bomba la moshi.

Boga la kwanza nilimpelekea bibi. Akaligonga kwa kidole, akatabasamu.

"Umeona? Safari hii ulisubiri mwezi."

"Ndiyo, bibi."