Usirudishe kifuniko kwenye sindano
Je, sindano iliyotumika irudishiwe kifuniko wodi ikiwa imetulia? Hapana, sindano ikishatumika hairudishiwi kifuniko, hata kama wodi imetulia. Wengi hujichoma hapo hapo: mkono mmoja umeshika kifuniko, wa pili unaleta sindano, ncha inapita pembeni na kuingia kidoleni. Itupe nzima na bomba lake kwenye boksi la sindano lililo karibu nawe, na boksi likifika robo tatu lifungwe. Kama hakuna budi kufunika, laza kifuniko kwenye trei ukichote kwa ncha ya sindano, kwa mkono mmoja tu.

Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, wahi PEP (dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kuchomwa) ndani ya saa 72, ikiwezekana saa hiyo hiyo. Na chanjo ya homa ya ini B jamani msiikwepe, kirusi chake huambukiza kwa sindano kirahisi kuliko VVU.