X nyekundu juu ya leni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Hapa Birmingham, kwenye barabara ya A38(M), niliona X nyekundu ya taa juu ya leni (njia moja ya magari) iliyokuwa tupu kabisa. Nikapita. Nilikosea? – Mama Salma

JIBU: Marahaba. Ulikosea, na namshukuru Mungu uko salama. Barabara ile ina leni 7, na katikati haina ukuta. Asubuhi leni 4 huingia mjini na 2 hutoka, jioni hugeuzwa. Hiyo ya saba, iliyo tupu, ndiyo inayowatenganisha na magari yanayowajia usoni! Mshale wa kijani unaoelekea chini, pita. X nyekundu, usiingie, hata kama huoni gari. Nikiwa dereva wa basi pale, nilitazama kila fremu ya taa iliyo juu ya barabara, maana leni ya asubuhi jioni si yako. Faini huanzia pauni 100 na pointi 3 za adhabu kwenye leseni.