Zoezi si kila shughuli

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari hapa Nkuhungu, Dodoma. Nilipokuwa nikifundisha misingi ya mazoezi, kidato cha kwanza waliniuliza kama "mazoezi" ni wingi wa "zoezi" tu au kuna tofauti nyingine. Wakauliza pia kama kupasha misuli moto ndiko kunyoosha viungo.

JIBU: Mwalimu, nianze na la pili kwa kuwa ni fupi. Ni vitu viwili. Kupasha ni kuuamsha mwili: kukimbia taratibu dakika 10, kuinua magoti, kuzungusha mikono, mpaka kijasho kitoke. Kunyoosha ni kuuvuta msuli, na unavutika vizuri ukishapata moto. Mwanafunzi anayeinama kushika vidole vya mguu asubuhi ya baridi ya Juni pale Uwanja wa Jamhuri, kabla hajakimbia hata hatua moja, bado hajapasha kitu.

Sasa zoezi. Zoezi ni tendo moja lenye jina lake: kuchuchumaa na kusimama, kuruka kamba, kupanda ngazi kwa kasi. Mazoezi ni wingi wake, ndiyo, lakini pia ni mpango mzima, pamoja na siku za kupumzika. Ndiyo maana mchezaji "yuko mazoezini" hata kama jioni hiyo kocha amempa zoezi moja tu. Asili yake ni kuzoea na kuzoeza, na humo mna somo lako lote: mwili unapewa mzigo, unachoka, unapumzika, unauzoea, kisha unaongezewa kidogo. Ukiacha kwa wiki kadhaa, unaanza kupoteza ulichopata. Alphonce Simbu wa Singida alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, akaja kupata dhahabu Tokyo mwaka 2025. Mwili haufikishwi huko kwa siku moja.

Kwa hiyo zoezi hurudiwa ili mtu azoee. Zoezi la hesabu darasani ni halali, mazoezi ya kijeshi ni halali. Lakini siku hizi kila shughuli imevishwa neno hili: zoezi la uandikishaji, zoezi la kugawa vyandarua, zoezi la kuhesabu watu. Mwaka 2022 tulihesabiwa sensa, na iliyotangulia ilikuwa ya 2012. Nani alikuwa akizoezwa, na azoee nini? Tumelibeba kutoka Kiingereza, ambako neno moja linatumika kwa mazoezi ya mwili, kazi ya darasani na hata utekelezaji wa shughuli ya serikali. Sisi tuna kazi, shughuli, kampeni, ugawaji, uandikishaji. Mara nyingi hata hakuna haja ya kuweka neno jingine: "uandikishaji unaanza Jumatatu" imetosha.

Linaloniuma hasa ni la msibani. Jeneza limewekwa, watu wamepanga foleni, mama mzazi ameshikwa mikono huku na huku, na msemaji anashika kipaza sauti: "Ndugu waombolezaji, zoezi la kuaga mwili wa marehemu linaanza rasmi." Zoezi! Mtu anaagwa mara moja tu, na hakuna mfiwa aliyekwenda pale kujizoeza. Halafu mbele kidogo utasikia "zoezi la kuaga limekamilika, sasa tunaingia kwenye zoezi la mazishi." Ni lugha ya ghala, ya kupokea na kutoa mizigo, inasemwa mbele ya watu wanaolia. Na kusema sawasawa si kazi: "Sasa tutamuaga mpendwa wetu. Tuanze na familia." Maneno ni machache, na kila mtu ameelewa asimame wapi.

Uandikishaji na sensa nimechoka kuvigombania. Maofisa wamelizoea neno, na barua zao zitaendelea kuja nalo. Wanafunzi wako wakiandika "zoezi la uchaguzi" kwenye insha, wasahihishe kwa upole usiwakate alama. Wakiandika "zoezi la kuaga marehemu", kata.